Injini Mpya ya Utafutaji Mbele ya Lugha ya Viambishi Awali: Maoni kuhusu Majaribio ya Kwanza

Tarehe 28 Julai 2008 ilizinduliwa huko Marekani injini ya utafutaji iliyoitwa Cuil. Waanzilishi wake, Anna Patterson, Tom Costello na Russell Power, hawakuwa wageni katika kazi hiyo. Wawili kati yao walikuwa wamewahi kuajiriwa na Google. Walitangaza kwamba faharasa yao ilikuwa na kurasa bilioni 120, kiasi ambacho kwa madai yao kiliizidi Google mara tatu. Siku ile ile watu waliikimbilia kwa wingi hata ikaelemewa. Waliofanikiwa kuingia walikuta picha zisizohusiana na maneno yaliyokuwa kando yake, na maswali mepesi yakirudi bila jibu la maana. Hukumu ikatolewa kabla jua halijatua, na Septemba 2010 Cuil ikafungwa.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa ili kuwakanya wenye majigambo. Lakini kipo chenye kuulizwa zaidi ya hilo. Waliotoa hukumu siku ile waliipima injini hiyo kwa maneno gani? Yeyote aliyewahi kumtazama mtu akifungua injini mpya analijua jibu. Mtu huandika kwanza jina lake mwenyewe, kisha jina la mji wake, kisha neno moja au mawili ya Kiingereza. Akiridhika husema injini ni nzuri, asiporidhika huifunga. Sasa, jina la mtu ndilo neno rahisi kuliko yote kwa mashine: halina wingi, halina wakati, halinyambuliki, wala halipatanishwi na neno jingine kwa kubadili umbo lake. Kuipima injini kwa jina la mtu ni sawa na kumpima mkalimani kwa kumtaka arudie anwani.

Maoni yanayotetewa hapa ni kwamba jaribio la kwanza la injini ya utafutaji hufichua zaidi habari za neno lililoandikwa kuliko habari za injini yenyewe. Msomi wa Kiswahili amerithi majaribio yaliyobuniwa kwa ajili ya lugha nyingine, na kwa kuyatumia bila kuyahoji hujipatia picha mbovu ya injini. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba hujipatia pia picha mbovu ya lugha yake, kisha akaipeleka picha hiyo katika tasnifu.

Mahali neno linapobadilikia

Kila lugha ina mahali pake pa kubadilishia neno. Kiingereza hubadilisha zaidi mwishoni, na mabadiliko yenyewe ni machache. Kitenzi chake chenye maana ya "soma" kina maumbo matatu tu ya maandishi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa utafutaji wa matini waliridhika mapema na ufumbuzi mwepesi, yaani kuukata mkia wa neno. Julie Beth Lovins alitoa utaratibu wa namna hiyo mwaka 1968. Martin Porter alichapisha wake mwaka 1980, nao ukaenea kuliko mwingine wowote. Injini ya AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995 na kampuni ya Digital Equipment Corporation, ilimruhusu mtafutaji aweke alama ya nyota mwishoni mwa neno baada ya kuandika herufi tatu au zaidi, naye akaletewa maneno yaliyoanza kwa herufi hizo.

Kwa Kiingereza nyota hiyo ilikuwa neema. Kwa Kiswahili iliwekwa upande usiofaa wa neno. Mtu aliyeandika "som" na nyota alipata "soma", "somo" na "somesha", pamoja na Somalia na mafuriko ya maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi hizo. Hakupata "anasoma", "wamesoma", "msomaji", "wasomi", "usomaji" wala "kisomo". Alipata kile ambacho Kiswahili hukiandika mara chache na kukosa kile ambacho Kiswahili hukiandika kila siku.

Ukubwa wa jambo hili huonekana wazi zaidi kwa hesabu. Viambishi vya kiima katika Kiswahili Sanifu, vikihesabiwa kwa maumbo yake tofauti ya maandishi, ni 14: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku- na pa-. Vikizidishwa kwa viambishi vinne tu vya wakati na hali, yaani -na-, -li-, -ta- na -me-, shina "soma" hupata maumbo 56 kabla ya yambwa kutajwa. Viambishi vya yambwa vyenye maumbo tofauti ni 13. Kila moja ya maumbo 56 laweza kuchukua mojawapo ya hivyo 13 au kukosa yambwa kabisa, na hesabu hufika 784. Yamo humo maumbo ambayo hakuna mtu angeyatamka. Hata hivyo hesabu hii haijagusa ukanushi, wala virejeshi, wala -nge- na -ngali-, wala kiambishi -ji-, wala mnyambuliko wa kutendea, kutendesha, kutendwa na kutendana. Neno "kitakachosomwa" limo nje kabisa ya hesabu, ingawa hakuna mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kuliandika ubaoni au neno linalofanana nalo.

Nomino nazo hazina huruma. "Wimbo" na "nyimbo" zinalingana kuanzia herufi ya pili ya moja na ya tatu ya nyingine. "Ukuta" na "kuta" zinaachana mwanzoni. "Jino" na "meno" zina herufi mbili tu za kuonyesha udugu wao. Mtafiti wa muziki anayeandika "wimbo" peke yake ameziacha "nyimbo", "mwimbaji", "waimbaji", "uimbaji" na "kuimba" nje ya mlango. Hata jina la lugha yenyewe halikusalimika, kwa kuwa "Swahili", "Kiswahili", "Waswahili" na "Uswahilini" ni maneno manne mbele ya mashine inayolinganisha herufi.

Fauka ya hayo, kuna kasoro moja ambayo haionekani kwa urahisi nayo yastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones alieleza kwamba neno lafaa lipewe uzito kwa kadiri linavyoonekana katika hati chache, kwa sababu neno lililo kila mahali halisaidii kuitofautisha hati moja na nyingine. Hoja hiyo ni nzuri, nayo ikawa nguzo ya fani nzima. Lakini ikisimamishwa juu ya maneno ya Kiswahili yasiyochambuliwa, nguzo huinama. Umbo kama "tulikisomea" litahesabiwa kuwa neno adimu sana na kupewa uzito mkubwa. Uadimu huo hautokani na kuwa kusoma ni jambo adimu. Unatokana na kuwa umbo hilo halikutokea kwingine. Injini itamletea mtafutaji hati moja yenye umbo hilo hilo na kuzificha hati mia zinazozungumzia jambo alilolitaka. Naye, akiona hati moja tu, atasema Kiswahili hakina maandishi.

Kuna pia suala la majirani. Anayeandika "dada" hupelekwa kwenye mkondo wa sanaa ulioanza Zürich mwaka 1916. Anayeandika "bata" hupelekwa kwenye viatu, "simba" kwenye filamu, "safari" kwenye programu ya kampuni ya Apple, "mate" na "pole" kwenye Kiingereza. Wengine huliona jambo hili la kuchekesha, na kweli lachekesha. Lakini mwanafunzi anayetaka kujua jinsi neno "dada" linavyotumika katika mahusiano ya ukoo na heshima hana sababu ya kucheka sana.

Tabu iliyomo katika kitabu

Mtu aweza kusema: basi na vikatwe viambishi awali kama vinavyokatwa viambishi tamati vya Kiingereza. Rai hii huja haraka kwa wahandisi, na matokeo yake yafaa yaonyeshwe. Katika "watu" ikikatwa wa-, hubaki "tu". Katika "wakati" hubaki "kati", na katika "wakili" hubaki kitu kisichokuwapo. "Kuku" akikatwa ku- hubaki ku-. "Kitabu" kikikatwa ki- hubaki tabu, jambo ambalo wanafunzi wengi wangeliafiki, ila si kwa sababu za kimofolojia.

Mfano huu wa mwisho una mafunzo ndani yake. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu likiwa na ki- ambayo haikuwa kiambishi. Wazungumzaji wa Kiswahili waliichukua silabi hiyo wakaifanya kiambishi cha ngeli, wakaunda "vitabu", na hakuna anayeshangaa. Mashine inayokata ki- inafuata njia waliyopita wazungumzaji, lakini inafika nusu tu, kwa sababu wazungumzaji wanajua kwamba baada ya kukata hapana neno "tabu" linalohusika. Mashine haijui hilo mpaka iambiwe, nayo haiwezi kuambiwa kwa kanuni ya kukata peke yake. Lazima ipewe kamusi.

Wanaleksikografia wa Kiswahili walikutana na tatizo hili kabla ya kompyuta kufika Afrika Mashariki. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson iliwakusanya watoto wa shina moja chini ya shina lao, na msomaji aliyekutana na neno lililofunikwa na kiambishi alitakiwa kwanza alijue shina ndipo alipate neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, ilichukua njia nyingine: nomino iliingizwa pamoja na kiambishi chake cha umoja, kitenzi kikaingizwa kwa shina. Uamuzi huo haukuwa wa kinadharia tu. Ulitokana na swali la nani atakayeitafuta kamusi hiyo na atakuwa ameshika nini mkononi anapoanza kutafuta. Swali la kidahizo ni swali la utafutaji. Yashangaza kwamba katika idara nyingi linafundishwa katika somo la leksikografia pekee, kana kwamba injini za utafutaji ni mali ya wahandisi na kamusi ni mali ya wanaisimu.

Ufumbuzi wa kitaalamu nao haukukosekana. Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa mwaka 1983 kielelezo cha mofolojia ya ngazi mbili, na Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho akakitumia kwa Kiswahili. Makala yake kuhusu kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1992 katika toleo la kwanza la Nordic Journal of African Studies. Utaratibu wake haukati, unaeleza. Unayo orodha ya mashina na kanuni za viambishi, na neno likiwa na tafsiri zaidi ya moja hupewa zote kwanza, kisha muktadha ukaamua. "Kaa" laweza kuwa kitenzi, laweza kuwa mnyama wa pwani mwenye magando, laweza kuwa umoja wa makaa, na programu inayafahamu yote matatu. Kwa msingi huo yalikusanywa na kuchambuliwa matini ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25.

Ndiyo kusema, elimu iliyotakiwa ili Kiswahili kitafutwe kama Kiswahili ilikuwapo miaka mitatu kabla ya AltaVista. Injini zilizotumiwa na umma miaka ile ziliendelea kulinganisha herufi. Si haki kuwalaumu wahandisi wa California peke yao kwa hilo. Maadamu wasomi wa Kiswahili wenyewe walizipokea injini hizo kwa kuandika majina yao na kuridhika, nani angewaambia wahandisi kuwa kuna kasoro?

Idadi zinazotumiwa kama ushahidi

Hapa ndipo jambo linapogusa moja kwa moja kazi ya uzamili na uzamivu. Ichukuliwe hali ya mwanafunzi anayechunguza istilahi za teknolojia na anayetaka kuonyesha ni ipi imekubalika zaidi kati ya "mtandao" na "intaneti". Anafungua injini, anaandika neno la kwanza, ananakili idadi ya matokeo; anaandika la pili, ananakili; anachora jedwali. Jedwali linapendeza, lina nambari kubwa, na mtahini asiyekuwa na muda analipita.

Jedwali hilo halina maana. "Mtandao" lina wingi "mitandao", lina "mtandaoni" na "mitandaoni", lina "kimtandao". Aliyeandika umbo la umoja peke yake amelipunguza neno hilo. Wakati huo huo "mtandao" humaanisha pia mtandao wa wanaharakati, wa barabara, wa maji na wa simu. Aliyeandika neno hilo bila muktadha ameliongeza. Makosa mawili yanavuta pande mbili tofauti, na hakuna katika jedwali kinachoonyesha lipi lililo kubwa. "Intaneti" haina wingi wenye umbo tofauti, kwa hiyo haikupata kosa la kwanza. Kinacholinganishwa basi ni tabia za ngeli mbili, si kukubalika kwa istilahi mbili. Zikilinganishwa "kompyuta" na "tarakilishi", ambazo zote hazibadiliki katika wingi, ulinganisho huwa afadhali kidogo, na mwanafunzi aliyefanikiwa hapo hudhani njia yake ni sahihi kwa maneno yote.

Isitoshe, nambari yenyewe si hesabu. Adam Kilgarriff alieleza mwaka 2007, katika jarida la Computational Linguistics, kwamba idadi zinazotolewa na injini za kibiashara ni makisio. Kwamba huhesabu kurasa na si matukio ya neno. Kwamba injini huzuia aina nyingi za maswali ambayo mwanaisimu angependa kuuliza. Na kwamba jaribio la leo halirudiwi kesho kwa matokeo yale yale. Aliwahimiza wanaisimu waachane na njia hiyo wajikusanyie matini yao wenyewe. Onyo hilo lilitolewa na mtu aliyeshughulikia hasa Kiingereza, lugha ambayo injini hizo zilitengenezwa kuihudumia. Kama idadi hizo hazifai kwa Kiingereza, sembuse kwa lugha ambayo injini haijui pa kuanzia neno lake.

Lakini jedwali la istilahi ni dhambi ndogo. Iliyo kubwa hukaa katika sura ya kwanza ya tasnifu, penye kichwa kisemacho pengo la utafiti. Mwanafunzi huandika mada yake katika injini, haoni kitu, kisha anaandika kwa ujasiri kwamba hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu mada hiyo. Sentensi hii imekuwa ya kawaida kiasi cha kutoulizwa tena. Tasnifu nyingi za Kiswahili zilizoandikwa Dar es Salaam na Nairobi kabla ya miaka ya 2000 ni karatasi zilizojalidiwa na kuwekwa rafuni. Injini haina macho ya kuona rafu. Mtu mwingine alikwisha kulima shamba hilo kwa miaka mitatu, akapigwa na jua la Pemba au la Kitui akikusanya data, na sasa anaambiwa shamba ni pori. Ni dhuluma kwa mtafiti wa kwanza, na ni hasara kwa wa pili, ambaye atarudia makosa ambayo mwenzake alikwisha kuyasahihisha.

Hata yale yaliyomo katika kompyuta hayafikiwi kwa umbo moja. Anayetafuta "utenzi" huenda asiupate "utendi", na kazi zilizochapishwa kuhusu utungo wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 huandika jina la mshairi huyo kwa neno moja au kwa maneno mawili kufuatana na mhariri. Anayetafuta "macho" hataziona beti za Kiamu zenye "mato". Anayetafuta "watu" hataziona simulizi za Lubumbashi zenye "batu" au "bantu", na kwa sababu hiyo Kiswahili cha Kongo huendelea kuonekana kama pembe ndogo ya lugha, ilhali wazungumzaji wake ni mamilioni. Miswada ya hati za Kiarabu iliyohifadhiwa SOAS, London, na kwingineko hupatikana kwa maelezo ya katalogi tu. Maneno yaliyomo ndani yake injini haiyasomi mpaka mtu ayanukuu kwa mkono. Injini inapokaa kimya mbele ya maandishi hayo yote, kimya chake kinamhusu mtafutaji na neno lake. Hakihusu fasihi ya Kiswahili.

Injini zinazojibu

Yupo atakayesema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Mwaka 2018 Google ilitoa kielelezo cha lugha kilichofunzwa kwa Wikipedia za lugha 104, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Novemba 2022 ilitoka ChatGPT. Mei 2024 Google ilianza huko Marekani kuweka jibu lililotungwa na mashine juu ya orodha ya kurasa. Injini za namna hii hazilinganishi herufi peke yake; hulinganisha maana kwa kadiri mashine inavyoweza kuikisia, na mtu aweza kuandika swali kamili.

Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Mtu aliyezoea kurasa tupu za miaka ya 1990, akiuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa aya tatu zenye upatanisho wa kisarufi ulio sawa, ana haki ya kufurahi. Baadhi ya matatizo yaliyoelezwa juu yamepungua. Hata hivyo hayajaondoka, yamehama. Mashine hizi hukata maneno katika vipande kwa kufuata wingi wa kutokea kwa herufi, hazifuati mipaka ya mofimu. Kipande kinachokatwa kutoka neno la Kiswahili chaweza kuanzia katikati ya kiambishi na kuishia katikati ya mzizi. Matini ya Kiswahili yaliyotumika kuzifunza ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Na jibu linapokuja kwa Kiswahili fasaha, msomaji hawezi kujua kwa kulitazama tu kama limetoka katika kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili au limefikiriwa kwa Kiingereza na kuvikwa kanzu.

Katika injini za zamani kushindwa kulionekana: ukurasa ulikuwa mtupu, au ulijaa viatu. Sasa kushindwa kumefunikwa kwa sarufi nzuri. Mtu anayeijaribu injini mpya kwa dakika kumi na kusema "inakijua Kiswahili" amepima upatanisho wa ngeli, jambo ambalo ni la heshima, lakini si utafutaji. Mhadhiri akisoma jibu kuhusu utendi fulani na kukuta jina la mtunzi, karne na idadi ya beti, vyote vikiwa vimeandikwa kwa utulivu wa mtu anayejua, bado hajapewa sababu ya kuamini hata kimojawapo.

Jaribio linalofaa ni la kazi ngumu kidogo. Achukue mjaribu hati anayoijua vizuri, aulize jambo lililomo kwa maneno ambayo hayamo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kwa mfano, ina ibara ya 23 kuhusu ujira wa haki. Injini iulizwe kama wafanyakazi wanastahili kulipwa kulingana na walichokifanya, bila kutajiwa neno "ujira" wala neno "ibara". Ikiileta ibara yenyewe, kwa Kiswahili, na kuonyesha ilikoitoa, imetafuta. Ikileta muhtasari mzuri wa sheria za kazi kwa jumla, haikutafuta, imezungumza. Kisha swali hilo hilo liulizwe kwa kitenzi cha kutendwa, kwa wingi, na kwa ukanushi, ili kuona kama jibu linasimama. Jaribio la namna hii huchukua asubuhi moja. Laweza kuandikwa, laweza kurudiwa, na mtu mwingine aweza kulipinga.

Kuna mfano wa kufuatwa katika hili. Mwaka 2020 watafiti wa Google walitoa mkusanyiko wa maswali uitwao TyDi QA katika lugha 11 zenye miundo tofauti, Kiswahili kikiwamo. Uzuri wake ni kwamba maswali yaliandikwa na wazungumzaji wa kila lugha, wakiuliza mambo ambayo hawakuwa na jibu lake. Hayakutafsiriwa kutoka Kiingereza. Udhaifu wake kwa Kiswahili ni kwamba majibu yalitafutwa katika Wikipedia, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, bado ni ndogo. Wanaojua ni wapi pengine majibu yalipo, katika magazeti ya zamani, katika majarida ya taasisi, katika tasnifu zilizo rafuni, wako katika idara za Kiswahili.

Maswali mia ya namna hiyo, kila moja likiwa na jina la hati na ukurasa wenye jibu, yangeweza kuandikwa na darasa moja la uzamili kwa muhula mmoja, katika somo la leksikografia au la mofolojia, kwa gharama ya kadi na kalamu. Na tangu siku yatakapokuwapo, mtahini anayekutana na sentensi isemayo "hakuna utafiti uliowahi kufanywa" ataweza kumuuliza mwanafunzi: ulitafuta kwa injini ipi, tarehe ngapi, kwa maumbo gani ya neno, na rafu ipi uliyoifungua baada ya hapo?